Pikipiki na Injini ya Pili

Mtu akisimama kando ya barabara kuu ipitayo Rongo, Awendo na Migori mpaka Isebania, mpakani mwa Tanzania, ataona pikipiki nyingi ajabu. Na akishika njia ya kwenda Homa Bay na Mbita, kandokando ya Ziwa Victoria, ataziona huko pia. Wajaluo huiita pikipiki apiko. Jicho lililozoea litatambua jambo jingine: baadhi ya vyombo hivyo si kimoja, bali ni viwili vilivyofanywa kimoja. Fremu ilitoka katika kiwanda hiki, na injini ilitoka katika kiwanda kile. Wako watu wanaolicheka jambo hili na kuliita kuungaunga. Lakini historia yake ni ndefu, na ndani yake mna swali lisilo dogo: ni nani aliye bwana wa mashine, aliyeiunda au anayeitumia?

Tangu mwanzo, pikipiki ilikuwa mwili wa mmoja na moyo wa mwingine. Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya De Dion-Bouton ya Ufaransa iliunda injini ndogo ikaziuza kwa watu wengine, nao wakazifunga katika vyombo vyao. Mwaka 1902, kampuni ya Triumph ya Coventry, Uingereza, ambayo ilikuwa ikiunda baiskeli, ilitoa pikipiki yake ya kwanza. Injini yake ilikuwa Minerva, kutoka Ubelgiji. Hakuna aliyeona aibu.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa Japani. Mwaka 1946, nchi hiyo ikiwa imeshindwa vitani na usafiri ukiwa wa shida, Soichiro Honda, fundi wa mji wa Hamamatsu, alipata injini ndogo zilizoachwa na jeshi, ambazo kazi yake ilikuwa kutoa umeme wa mitambo ya redio. Alizitengeneza upya akazifunga katika baiskeli, na watu wakazinunua mpaka zikamwishia. Ndipo akaanza kuunda za kwake, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Basi kampuni iliyokuja kuunda pikipiki nyingi kuliko nyingine yoyote duniani ilizaliwa katika kuungaunga huko huko kunakochekwa.

Sasa tuirudie nchi ya ziwa. Baada ya uhuru, Homa Bay na Migori zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini, hadi Migori ilipotengwa mwaka 1992. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao, mvua ikinyesha, hushika gurudumu kama gundi. Na kuelekea Gwassi kuna vilima vya mawe. Chombo kilichofaa njia za namna hiyo ni pikipiki ndogo iliyoundwa kwa lami na kwa pori pamoja, ndefu ya miguu na nyepesi ya mwili. Yamaha ilitoa DT-1 mwaka 1968, na wadogo zake wakaenea Afrika, wakipandwa na maafisa wa kilimo, wa mifugo na wa afya. Fremu zake zilikuwa imara. Injini zake, hata hivyo, zilikuwa za mipigo miwili, zinazolainishwa kwa oili ichomwayo pamoja na petroli. Oili ikisahauliwa kwa safari moja tu, pistoni hukwama katika silinda. Hivyo fremu nzima inaweza kubaki ukutani, imekufa moyo.

Dawa ya maradhi hayo ilitoka kwa wahandisi waliokubali kuwasikiliza wanunuzi. Katika miaka ya 1970 watu wa Honda walitembelea nchi za Asia kuona pikipiki zao zinavyotumika. Waliona zikipakiwa mizigo kupita kiasi, oili haibadilishwi, na mnyororo mwembamba unaozungusha vali juu ya silinda unakatika kwa kukosa kutunzwa. Wangeweza kuwalaumu wapandaji. Badala yake waliibadilisha injini. Katika CG125, iliyotoka katikati ya miaka hiyo, waliuondoa mnyororo ule wakarudisha mtindo wa zamani, wa vijiti vya chuma vinavyosukuma vali kutoka chini. Injini hiyo haikuwa ya kisasa, wala haikuwa na mbio. Lakini ilistahimili, na fundi mwenye spana chache aliweza kuifungua chini ya mwembe. Kwa maoni yangu, uamuzi huo una thamani kuliko vikombe vingi vya mashindano.

Viwanda vya China viliiga injini hiyo, kisha vikaikuza: 125, 150, hata sentimita 200 za ujazo. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, zilimiminika, na vijana wengi waliokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli wakahamia katika bodaboda. Pamoja nazo zikaja spea za bei nafuu mpaka katika masoko ya vijijini. Hapo ndipo fremu kuukuu za pori zilipopata nafasi ya kufufuka. Tena si mafundi wa njiani peke yao walioona hivyo: mwaka 2003 Honda yenyewe ilitoa XR125L, fremu ya pori yenye injini ya ukoo wa CG.

Msomaji asidhani kwamba kazi hii ni ya kufungua bolti nne na kufunga nne. Mashikio ya injini mpya mara nyingi hayalingani na ya fremu, kwa hiyo vipande vya chuma hukatwa na kuchomelewa. Mnyororo lazima ukae katika mstari mmoja kutoka gurudumu la meno la mbele hadi la nyuma. Ukipinda kidogo, hula meno yote mawili. Tena hesabu ya meno yafaa ifanywe upya: la mbele likiwa na meno 15 na la nyuma 45, la mbele huzunguka mara 3 kwa kila mzunguko mmoja wa nyuma. Ukiweka la nyuma lenye meno 42, mwendo wa juu unaongezeka, bali nguvu ya kupanda kilima inapungua. Baada ya hapo kuna kabureta, waya za umeme na bomba la moshi. La hatari kuliko yote ni breki. Mtu hufunga injini ya 200 katika fremu iliyoundwa kwa 125 na kuacha breki zile zile. Chombo kinajua kukimbia ila hakijui kusimama, na nyuma yake wameketi abiria wawili.

Liko pia jambo la sheria. Kitabu cha usajili kina namba ya fremu na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, mwenye chombo hana budi kuiarifu mamlaka ya usajili. Asipofanya hivyo, kitabu husema moja na chuma husema jingine, na siku ya ajali bima inaweza kukataa kulipa. Injini iliyonunuliwa bila hati, huenda ikawa ya wizi. Kijana aliyetumia akiba yake yote kuinunua hupoteza injini, fremu na kazi kwa pamoja.

Katika miaka ya karibuni moyo wa namna nyingine umefika. Mwaka 2017 ilianzishwa Nairobi kampuni ya Opibus, iitwayo Roam tangu 2022. Mwanzoni ilikuwa ikitoa injini za mafuta katika magari na kuweka mota za umeme. Huko Mbita, kampuni ya WeTu, iliyokwisha kuwakodisha wavuvi taa zinazochajiwa kwa umeme wa jua, ilianza kujaribu pikipiki za umeme. Mota haina vali wala pistoni ya kukwama, na gharama ya mwendo ni ndogo. Lakini betri yake haifunguliwi kwa spana chini ya mwembe, na mara nyingi mpandaji huikodi tu. Mwenye betri ni mwingine. Wapandaji wa Homa Bay na Migori wameanza kupiga hesabu ya bei ya petroli upande mmoja na kodi ya betri upande wa pili, na mafundi wao wameanza kuuliza mota hiyo inafunguliwaje.