Utambuzi: Siri ya Ukoo na Mtu wa Kuitamka

Msibani kuna dakika moja ambayo kila mwenye ukoo mkubwa anaijua. Mtu amesimama na karatasi anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, na mwishoni idadi ya watoto aliowaacha. Idadi ikitajwa, shingo zinageuka. Nyuma kabisa, karibu na wapishi, amekaa kijana mwenye paji la uso la marehemu, na hesabu iliyosomwa haikumhusisha. Hakuna anayeshangaa kumwona. Mashangazi wanamjua, majirani wanamjua, hata mjane anamjua. Kinachokosekana ni mtu wa kusema.

Wahakiki wa fasihi wana jina la tukio ambalo lingetokea kama karatasi ile ingesomwa vingine. Wanaliita anagnorisi. Ni neno la Kigiriki lililojengwa kwa kiambishi chenye maana ya “tena” na kitenzi cha kujua au kujulisha, na aliyelifanya kuwa istilahi ni Aristotle, katika kitabu chake cha Poetiki, karne ya 4 kabla ya Kristo. Fasili yake ni fupi: ni badiliko la kutoka kutojua kwenda kujua, linalowafanya watu wawe wapenzi au maadui. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita ugunduzi, ufichuzi au utambuzi. Nashikilia utambuzi, na naamini kwamba hapa Kiswahili kinamwongezea Aristotle kitu ambacho fasili yake haina.

Istilahi hii inamgusa zaidi msomaji wa riwaya ya ukoo, yaani riwaya ndefu inayoifuata familia moja kwa vizazi viwili, vitatu au zaidi. Riwaya za aina hiyo huendeshwa na siri. Babu alifanya jambo, bibi akalifunika, baba akakua akijua kuna swali lisiloulizwa nyumbani, na mjukuu ndiye anayelipa deni asilolijua. Wasomaji huzililia riwaya hizi, na wapo wahakiki wanaozidharau kwa sababu hiyo hiyo. Siioni haki ya dharau hiyo. Machozi yale yana chanzo kinachoelezeka, na Aristotle aliona umuhimu wake kiasi cha kukiweka miongoni mwa vitu vinavyoshika moyo wa mtazamaji kuliko vyote.

Mfano alioupenda ni tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi aliitafsiri mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Mjumbe anafika kutoka Korintho na habari ambayo kwake ni njema: mzee aliyemlea Edipode amefariki, kiti cha enzi kinamngoja. Edipode anasita. Alitabiriwa kumwoa mama yake, na mwanamke anayemdhania kuwa mama yake bado yuko hai kule. Mjumbe, kwa nia ya kumtoa hofu, anamwambia kuwa yule hakumzaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyempokea akiwa mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa. Neno la faraja ndilo linaloivunja nyumba. Aristotle alisifu jinsi utambuzi na mgeuko wa mambo vinavyofika kwa pamoja pale.

Mimi huvutwa zaidi na Jocasta, mke wa Edipode na, kama inavyodhihirika, mama aliyemzaa. Yeye anaelewa kabla ya mumewe, na anamsihi aache kuuliza. Kwa muda mfupi ndiye pekee jukwaani anayeijua siri nzima, na anachagua kuifukia. Ukiisoma riwaya yoyote ya ukoo utamkuta mtu wa aina yake, mara nyingi mwanamke, anayewaomba wengine wasichimbe kwa kuwa anajua kifusi kitamwangukia nani kwanza. Mwandishi anayemfanya mtu huyo kuwa mwongo tu amepoteza nusu ya hadithi yake.

Aristotle alizipima pia njia ambazo utambuzi hupatikana. Ya chini, alisema, ni ile ya alama: kovu, mkufu, kitu cha kuonyesha. Hata hivyo alikubali kuwa alama inaweza kutumika vizuri, akamtaja Odiseo, shujaa wa utenzi wa kale wa Kigiriki, anapooshwa miguu. Mtumishi mzee aliyemlea anamwosha mgeni asiyemjua, kiganja chake kinapita juu ya kovu la jino la nguruwe mwitu, na mguu unamponyoka. Chombo kinapinduka, maji yanamwagika. Odiseo hakulitoa kovu kama ushahidi. Lilijitokeza katika kazi ya kila siku, mikononi mwa mtu aliyeujua mwili huo tangu utoto wake. Bora kuliko yote, kwa Aristotle, ni utambuzi unaozaliwa na matukio yenyewe, bila mwandishi kuonekana akiusukuma.

Siku hizi nafasi ya kovu imechukuliwa na vinasaba. Bahasha ya maabara inafunguliwa sebuleni, mtu anasoma asilimia, mwingine anazimia, na mwandishi anaona kazi yake imekwisha. Haijaisha. Majibu ya vinasaba yanamwambia mtu ukweli kuhusu damu yake. Hayamwambii nani yuko tayari kumwita mwanangu. Wapo watu wengi waliotoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na cheti mkononi, wakafika nyumbani kwa baba na kukuta mlango umefungwa.

Hapo ndipo neno letu linapofanya kazi. Kutambua, kwa Kiswahili, ni kujua kwamba huyu ni fulani: unaitambua sauti gizani, ndugu wanaitambua maiti hospitalini. Lakini pia tunasema baba amemtambua mtoto, na maana yake ni kwamba amekubali mbele ya watu kuwa ni wake. Serikali inautambua uongozi fulani, mahakama inaitambua ndoa. Katika maana hii ya pili hakuna jipya linalogunduliwa. Kila mtu alikuwa anajua. Kilichoongezeka ni kauli ya mwenye mamlaka ya kukubali. Fasili ya Aristotle inaanzia kutojua na kuishia kujua. Siri nyingi za ukoo haziko hivyo kabisa. Zinajulikana na nyumba nzima, zinazungukwa kwa adabu kubwa, na maumivu yake yanatokana na huko kuzungukwa.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya ya mwaka 2014 iliyosomwa sana katika shule za sekondari za Kenya, ina mifano ya pande zote mbili. Ndugu watatu, Umu, Dick na Mwaliko, wanatawanywa; wawili wa mwisho wameibwa na mtumishi wa nyumbani, Sauna. Umu na Dick wanakuja kukutana katika uwanja wa ndege. Mhakiki mkali atasema hiyo ni sadfa, na kwa kipimo cha Aristotle hatakosea. Lakini kabla ya hapo riwaya imeshatupa utambuzi wa maana ya pili: Mwangeka na Apondi wamemchukua Umu, ambaye hawana damu naye, wakamfanya binti yao bila kuhitaji alama wala cheti. Tukio la uwanja wa ndege linatutoa machozi kwa sababu msichana anayemkumbatia kaka yake tayari ana kwao.

Upande wa pili ni Sauna mwenyewe, ambaye wasomaji wengi humhukumu haraka. Alinajisiwa na baba wa kambo. Mama yake alijua, akamsaidia kuitoa mimba, kisha akamtaka asimwambie mtu. Hapa hakuna siri ya kugunduliwa baina ya mama na binti. Wote wawili wanajua kila kitu. Binti alichonyimwa ni mama wa kusema: hili lilikupata, na halikuwa kosa lako. Matei hamsafishi Sauna kwa sababu hiyo, na amefanya vyema. Ila ameuweka ukimya wa nyumba moja na wizi wa watoto wa nyumba nyingine katika maisha ya mtu mmoja, ili msomaji asiweze kuvitazama mbalimbali.

Kuna jambo jingine ambalo sarufi yetu inalieleza kwa silabi moja. Aristotle aliona kwamba wakati mwingine upande mmoja tu ndio unaomjua mwenzake, na wakati mwingine pande zote mbili lazima zijuane, kila moja kwa njia yake. Kwake ilihitaji maelezo. Sisi tuna kutambua na kutambuana. Ndiyo maana napendekeza katika uhakiki tuwe na utambuzi kwa jumla, na utambuano pale ambapo pande zote mbili zimefika.

Kisa cha Nabii Yusuf kinaonyesha umbali uliopo kati ya hayo mawili. Katika sura ya 12 ya Kurani, yenye aya 111, ndugu waliomtumbukiza kisimani wanafika Misri kutafuta chakula. Yeye anawatambua, wao hawamtambui. Sehemu kubwa ya nusu ya mwisho ya kisa inakaa ndani ya pengo hilo. Wanaondoka, wanarudi, kikombe cha mfalme kinakutwa mzigoni, baba analia hadi macho yanaingia weupe. Yusuf angeweza kujitaja siku ya kwanza. Anasubiri hadi ndugu wenyewe wanapouliza kama ndiye, na wakishakiri kosa lao, anawaambia hakuna lawama juu yao siku hiyo. Utambuano, ungamo na msamaha vinafuatana kwa aya chache tu.

Hapo hapo kuna jambo ambalo wasomaji hulipita haraka. Wana wanapomwendea baba na kuomba awaombee msamaha, Yakubu anajibu kwamba atawaombea, kwa wakati ujao. Yusuf, aliyetupwa kisimani, amesamehe papo hapo. Mzee, aliyeletewa kanzu yenye damu ya uongo na kulia kwa miaka, anahitaji muda. Mwandishi wa riwaya ya ukoo anaweza kujifunza mengi hapo: katika familia moja, kwa kosa moja, kila aliyeumizwa ana saa yake ya kusamehe. Riwaya zinazowakusanya wote chumba kimoja na kuwafanya wasameheane kwa pamoja zinasikika za uongo, hata kama msomaji hajui kwa nini.

Simulizi ya kitabu cha Mwanzo, katika Biblia, inaongeza kwamba Yusuf aliwatoa Wamisri wote nje kabla ya kujitambulisha kwa nduguze. Kilio chake kilisikika, lakini aibu yao haikuonyeshwa. Kwa hiyo ufichuzi ni jina lisilofaa kwa tendo hili. Kufichua ni kuitoa siri nje, na yeyote anaweza kufanya hivyo, hata adui. Yusuf aliutamka ukweli kwa wanaohusika na akawasitiri wakati huo huo.

Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika Gravel Heart, riwaya ya mwaka 2017 ambayo jina lake limetoka katika tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure. Salim ni mtoto ambaye baba yake, Masud, amehama nyumbani na kupanga chumba nyuma ya duka. Kila siku mama yake, Saida, anampelekea mume huyo kikapu cha chakula, na baadaye Salim ndiye anayekibeba. Anakiweka, anachukua vyombo vya jana, anarudi. Hakuna anayemweleza kitu. Akiwa mtu mzima, baada ya mama kufariki, ndipo anaposikia kwa baba yake kwamba Saida alijitoa kwa kigogo wa serikali ili kaka yake aachiwe kutoka kizuizini. Kile kikapu kinapata maana yake yote kwa mpigo, kama vile Aristotle alivyotaka, bila alama wala barua ya ghafla.

Baba alijua miaka yote, akala chakula kile bila kurudi nyumbani. Mama alijua, akapika. Kati yao palikuwa na utambuzi usiopewa kauli, na mtoto alipita katikati yake akiwa na mzigo mkononi. Sasa Salim anamtambua mama yake, lakini hawawezi tena kutambuana. Gurnah hakuandika tukio la kusameheana baina yao, kwa sababu mmoja wa wawili wanaohitajika amekwisha kuzikwa.