Feza Yako Inalala kwa Nani? Historia Fupi ya Masoko ya Bitcoin

Wandugu, mu mazungumzo yetu ulizo moja inarudia kila juma: "Soko gani ya bitcoin iko muzuri?" Mumoja anajibu: ile yenye komisyo kidogo. Mwengine: ile yenye matangazo ya wachezaji. Mwengine: ile yenye kutoa bonisi ukijiandikisha. Mimi nilisoma agronomia, hapana finansi. Lakini agronomia inafundisha kitu kimoja juu ya depo: karatasi yenye inasema uliweka mifuko kumi ya mahindi, hiyo haiko mahindi. Utajua ukweli siku utaenda kukamata mifuko yako. Historia ya masoko haya ni hiyo tu.

Tuanze na kambisti wa barabara. Unamupatia dolare 100, anakuhesabia franka, unahesabu tena, unaenda. Biashara imeisha. Hakuna mutu anaacha feza zake zilale kwa kambisti mupaka mwezi kesho. Bitcoin yenyewe, ilipoanza mwezi wa kwanza 2009, ilikuwa kwa kusudi mutu atumie mwenzake feza bila benki katikati. Lakini kuipata kulihitaji kambisti wa intaneti, na huyu alikuwa na tabia ingine: alibakia na dolare na bitcoin za wote, akakuonyesha tu hesabu kwenye ekrani.

Wa kwanza mukubwa alikuwa Mt. Gox. Mwanzoni jina hilo lilikuwa la fasi ya kuuzishana karata za muchezo Magic: The Gathering. Mwezi wa saba 2010 Jed McCaleb akaigeuza soko ya bitcoin, na mu 2011 akaiuzisha kwa Mark Karpelès, Mufaransa mwenye aliishi Japani. Mu 2013, karibu 70 kwa 100 ya biashara ya bitcoin ya dunia ilipitia pale. Kama ungeuliza soko gani iko muzuri, wangekujibu: ile kubwa. Tarehe 7 mwezi wa pili 2014 ikasimamisha kutoa bitcoin. Mwisho wa mwezi ule ikaenda mu tribinali ya Tokyo kusema imeanguka: bitcoin 850.000 hazikuonekana, 750.000 kati yake za wateja. Uchunguzi ulionyesha kama nyingi ziliibiwa polepole tangu 2011, na ekrani za wateja ziliendelea kuonyesha hesabu ileile. Kisha 200.000 zikapatikana mu pochi ya zamani. Wateja wakaanza kurudishiwa bitcoin mwezi wa saba 2024. Miaka kumi! Mutu mwenye alikuwa G1 wakati ule, leo iko na watoto kwenye masomo.

Ya pili ni QuadrigaCX ya Kanada. Mukubwa wake, Gerald Cotten, alikufa mu India mwezi wa kumi na mbili 2018, na wateja wakaambiwa kama yeye peke yake alijua siri za kufungua pochi. Watu wakafikiri shida ni kifo. Hapana. Mu 2020 wakaguzi wa Ontario wakaeleza: Cotten alijifungulia konti za majina ya uongo, akajiandikia feza zenye hazikuwepo, na kwa hizo akanunua bitcoin za kweli za wateja. Wateja zaidi ya 76.000 walikuwa wanadai, na hasara ikafika angalau milioni 169 za dolare za Kanada.

Ya tatu ni FTX, yenye ilianza 2019. Huyu njo alikuwa na matangazo: jina lake lilibandikwa mupaka kwenye uwanja wa basketi wa Miami. Kumbe feza za wateja zilikuwa zinapita kwa mulango wa nyuma, zinaingia Alameda Research, kampuni ya mukubwa yuleyule, Sam Bankman-Fried. Tarehe 2 mwezi wa 11, 2022, CoinDesk ikatoa habari za hesabu za Alameda. Tarehe 11, FTX ikaanguka. Siku tisa tu. Karibu miliare 8 za dolare za wateja hazikuwa pale. Mu 2024 Bankman-Fried akahukumiwa miaka 25 ya gereza. Kweli, tangu 2025 wateja wanalipwa, lakini kwa bei ya siku ile ya kuanguka, wakati bitcoin moja ilikuwa chini ya dolare 17.000. Mwezi wa 12, 2024, ilikuwa imepita 100.000.

Wazazi wetu wanajua hadisi kama hii kwa jina la Bindo Promotion, yenye ilianguka Kinshasa mu 1991 na feza za watu. Mupaka leo "bindo" ni neno la kila mupango wa namna ile. Lakini kuna tofauti, na hiyo njo inanisumbua zaidi. Bindo iliahidi faida ya ajabu, kwa hiyo mutu wa akili angeweza kustuka. Masoko haya tatu, kazi yao ya kwanza ilikuwa kubadilisha na kulinda. Hata mutu mwenye hakuwa na tamaa alipoteza, juu tu aliacha feza zilale pale.

Kwa hiyo kuchagua soko, mimi naanza na mulango wa kutokea. Ingiza dolare kumi, nunua, kisha toa yote mupaka irudi kwenye pochi yako ao kwenye telefone yako. Kama inakawia, ao wanakuomba ulipe kwanza ndipo utoe, kimbia. Pili, angalia nani anakagua hesabu zao, na ni tribinali ya inchi gani utaenda kulalamikia. Tangu FTX ianguke, masoko mengi yanaonyesha ushuhuda wa akiba; ni vizuri, lakini akiba bila kuonyesha madeni ni nusu ya hesabu. Komisyo iangalie mwisho.

Ukinunua kwa mutu, ukalipa na Airtel Money ao M-Pesa, kaa ndani ya soko yenye inashikilia bitcoin za muuzaji mupaka feza ifike. Na wewe ukiuzisha, usiamini SMS. Fungua konti, angalia salio. Ukimaliza, toa vyako, peleka mu pochi yako mwenyewe, andika yale maneno 12 kwenye karatasi, hapana kwenye picha. Ukiyapoteza, hakuna mutu wa kukurudishia.

Nasema haya juu kwetu mashariki, tangu benki za Goma zifungwe mwezi wa kwanza 2025, wengi wanaona telefone kama benki. Kijana mumoja aliniandikia kama anataka kuweka mu soko dolare 400 za mama yake, faida ya maharagi, "kwa kuzilinda tu". Nilimujibu kama mwanakilimo: saison A inaanza mwezi wa tisa, na mama atahitaji mbegu. Tribinali ya Tokyo ilichukua miaka kumi. Feza ya mbegu isiingie mule.