Jiwe la Mababu: Ibada ya Sanamu Arua na Koboko

Kwetu West Nile, shutuma ya kuabudu sanamu husikika sana kwenye matanga, pale ndugu wanapobishana kama mnyama aliyechinjwa ni chakula cha wageni au ni sadaka kwa wafu. Katika insha hii ninadai kwamba ubishi huo hauhusu jiwe wala mti. Unahusu nani anastahili kupewa sadaka.

Walugbara walijenga orijo, vijumba vidogo vya mawe bapa. Mtu alipougua, ilidhaniwa kwamba mababu wamekasirishwa na utovu wa heshima. Mzee wa ukoo alitoa damu, nyama na pombe, kisha ndugu wakala nyama pamoja. Jiwe lenyewe halikuwa Mungu. Muumba alikuwa na jina lake, Adroa.

Mwaka 1914 West Nile iliingizwa Uganda. Baada ya hapo wamisionari walifika Arua: Wakatoliki wa shirika la Comboni wakakaa Ediofe, na Waprotestanti wa Africa Inland Mission wakakaa Mvara. Huko Koboko, Wakakwa wengi waliufuata Uislamu. Wote waliikataa orijo, ila kwa vipimo tofauti.

Kwa Mwislamu, kosa ni shirki: kumshirikisha Mwenyezi Mungu na chochote, hata pasipo sanamu. Mprotestanti alisoma Kutoka 20, akakataa orijo pamoja na sanamu ya Bikira Maria. Mkatoliki alitegemea Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787, uliotenganisha heshima kwa picha takatifu na ibada kwa Mungu. Mzee wa Kilugbara angeweza kumuuliza: mbona heshima yangu kwa babu iitwe ibada? Jibu lake lingekuwa damu, kwa sababu sadaka ni ya Mungu peke yake.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na hofu yake. Nabii Rembe, Mkakwa, aligawa maji ya Yakan, si sanamu. Lakini imani hiyo ndiyo iliyozaa uasi wa mwaka 1919.

Hata jina lilibadilika: Biblia ya Kilugbara hutumia neno Mungu, ambalo sisi wasomaji wa Kiswahili tunalifahamu vizuri.

Kwa kuhitimisha, ndugu wakibishana matangani, kutafuta jiwe hakutawasaidia. Waulizane: nyama hii imetolewa kwa nani, na mzee ametamka maneno gani?