Gari ya Stima Ilishindwa na Soketi, Si Petroli

Mwaka wa 1900, viwanda vya Marekani viliunda magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 yalikuwa ya stima, na 936 pekee ndiyo yalikuwa ya petroli. Rudia kusoma hizo namba pole pole. Petroli ilishika mkia.

Nimeanza hapo kwa sababu kila nikiposti kitu kuhusu magari ya stima, lazima kuna msee atakuja kwa komenti aseme hii ni fasheni ya juzi na itapita. Zii. Hii ni mechi ya marudiano. Ya kwanza ilichezwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na gari ya stima ikapigwa. Cha maana ni kujua ilipigwa na nini, juu hicho kitu bado kiko, na kinaishi kwa ploti zetu.

Haikupigwa kwa kukosa spidi. Mwezi wa Aprili 1899, karibu na Paris, Mbelgiji anaitwa Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa gari, na gari yake ilikuwa ya stima. Mwezi uliofuata huko New York, dereva wa teksi ya stima, Jacob German, alishikwa na polisi kwa kukimbiza gari. Alikuwa anaenda maili 12 kwa saa, kama kilomita 19. Cheka, lakini sheria ya mji ilikuwa maili 8.

Haikupigwa kwa usumbufu pia. Mwenye kusumbua alikuwa petroli. Kuiwasha ulisimama mbele ya gari ukazungusha chuma kwa nguvu, na injini ikirudisha teke ungevunjika mkono. Halafu kelele, moshi, na gia za kupigana nazo. Ya stima unaketi, unaondoka. Henry Ford, huyu huyu wa petroli, alimnunulia mkewe Clara gari ya stima. Ukienda makumbusho ya Ford kule Michigan utaipata, Detroit Electric ya 1914.

Sasa mbona ikapotea? Vitabu vinakupa sababu tatu, na zote ni za ukweli. Mwaka wa 1901 mafuta mengi yalipatikana Texas. Mwaka wa 1912 Cadillac ikaanza kuuzwa na mashine ya kuwasha injini kwa stima, iliyobuniwa na Charles Kettering, kwa hivyo ile kazi ya kuzungusha chuma ikaisha. Na bei: Model T ya Ford ilitoka dola 850 mwaka wa 1908 ikashuka hadi 260 mwaka wa 1925, wakati gari ya stima mwaka wa 1912 ilikuwa inaenda kama dola 1,750.

Lakini kuna ya nne, na kwangu hii ndiyo kubwa. Soketi.

Petroli ni kitu unaweza beba kwa mkebe. Kabla hata vituo vya mafuta vijengwe, Mmarekani alikuwa anainunua kwa duka la kawaida, vile huku mashinani unaipata kwa chupa ya soda kando ya barabara. Stima haibebwi kwa chupa. Inataka waya, na waya ulikuwa mjini tu. Hadi katikati ya miaka ya 1930, mashamba tisa kati ya kumi Marekani hayakuwa na stima. Sheria ya kuipeleka vijijini ilipitishwa 1936. Hesabu mwenyewe: mkulima aliweza kununua Model T ya dola 260 zaidi ya miaka kumi kabla ya hiyo sheria.

Kwa hivyo gari ya stima ikabaki ya mtu wa aina moja. Mwenye nyumba yake mjini, mwenye garaji yake, mwenye waya wake. Wengine wote wakaenda petroli, si kwa mapenzi, ni kwa kukosa mahali pa kuchomeka.

Sasa tuje nyumbani. Tupige hesabu ya kawaida. Gari ndogo ya stima inatumia kama uniti 16 kwa kilomita 100. Tuseme token inakutoka shilingi 30 kwa uniti, hiyo ni 480. Gari ndogo ya petroli inayoenda kilomita 15 kwa lita itakula karibu lita 6.7, na petroli ikiwa 180, umetoa 1,200. Ni chini ya nusu. Na tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya kuchaji magari, ambayo inashuka hadi nusu usiku. Ongeza kwamba sehemu kubwa ya stima yetu inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana, na petroli yote tunaagiza nje. Kwa karatasi hii mechi imeisha.

Sasa toka kwa karatasi uje kwa keja. Mimi naishi gorofa ya nne. Mita yangu iko chini kwa kabati ya chuma yenye kufuli, na ufunguo uko na keateka. Pakingi ni ya anayefika kwanza. Nikishusha waya kutoka dirishani hadi chini, sijui kama landlodi atanifukuza kabla ama baada ya jirani kukauka na stima yangu. Hiyo 480 si yangu. Ni ya mtu ako na geti lake. Mimi nitaenda kuchaji kwa mall, ambapo mwenye chaja lazima aongeze faida yake juu ya bei ya stima, na nikae hapo nikingoja.

Ndio maana nasema bei ya gari si swali la kwanza. Gari mbili zinazofanana, barabara moja, jiji moja: mwenye boma anaendesha kwa bei rahisi, mpangaji anaendesha kwa bei ghali na usumbufu juu yake. Ni Marekani ya 1912 tena, tofauti ni kwamba safari hii waya umefika mtaani. Umekwama kwa mlango wa landlodi.

Lakini hiyo historia pia iliacha jibu. Kule Hartford, jimbo la Connecticut, kampuni ya stima ya mji iliendesha huduma ya betri kati ya 1910 na 1924. Ulikuwa unanunua lori bila betri. Betri ni ya kampuni. Ikiisha, unabadilishiwa nyingine unaenda. Unalipa ada ya mwezi na kitu kidogo kwa kila maili. Magari ya hiyo huduma yalienda zaidi ya maili milioni 6. Hofu ya betri kufa ikukute na deni haikuwa ya dereva tena, na hakuhitaji soketi kwake.

Unajua hiyo inafanana na nini? Boda za stima za Nairobi. Jamaa anayenibeba hana soketi kwake kuniliko. Anabadilisha betri kwa stesheni, dakika chache, anarudi kazini. Mabasi ya BasiGo nayo yaliingia na mpango wa kulipa kwa kilomita. Kwa hivyo dereva wa boda anayelala chumba kimoja amefikiwa na stima kabla ya mfanyakazi wa ofisi mwenye gari yake na gorofa ya kukodi.

Hiyo inaniambia pesa ya umma na kelele zetu ziende wapi. Kupunguza ushuru wa gari ni sawa, lakini ukiishia hapo umesaidia watu wenye geti pekee. Kaunti inapopitisha ramani ya gorofa mpya inauliza maji yatapita wapi na moto ukitokea watu watatokea wapi. Iulize pia wapangaji watachaji wapi, kila mmoja na mita yake.

Petroli ilishinda mara ya kwanza kwa kufika kwa kila mtu, hata kwa mkebe. Kwa hivyo wewe unayesoma hii ukiwa kwa nyumba ya kupanga, niambie: ukipewa gari ya stima leo jioni, bure, utaichomeka wapi?