Namna ya kufunga sinki imara kwenye kaunta

SINKI inayocheza juu ya kaunta huanza kama kero ndogo na kuishia kuwa hasara. Maji hupenya katika ufa wa ukingoni, yakaozesha mbao na kuwapa mende makao. Ubao wa chembechembe za mbao zilizoshindiliwa, unaotumiwa sana katika makabati ya jikoni, ukilowa hufura na haurudii hali yake hata ukikaushwa.

Aina mbili

Sinki nyingi za chuma kisichoshika kutu zina ukingo unaolalia juu ya kaunta. Ukingo huo ndio unaobeba uzito. Kazi ya vibanio vya chini ni kuivuta sinki ishikamane na kaunta.

Sinki inayoning'inia chini ya jiwe la graniti haina egemeo kama hilo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hivyo sinki ya lita 40 ikijaa hubeba kilo 40, mbali na vyombo na uzito wake yenyewe. Silikoni pekee haifai kutegemewa hapa. Itumiwe gundi ya epoksi pamoja na vishikio vya chuma, au mihimili ya mbao iliyofungwa ndani ya kabati.

Hatua za kufuata

Kwa sinki ya ukingo, chora tundu kwa kutumia kigezo cha karatasi kinachouzwa nayo. Kikikosekana, ilaze sinki kifudifudi, uchore kuizunguka, kisha uchore mstari mwingine ndani ya ule wa kwanza kwa kiasi cha milimita 10. Hakikisha kuwa bakuli na vibanio vitapita kabla ya kukata kwenye mstari huo wa ndani.

Paka vanishi au rangi ya mafuta kwenye kingo zilizokatwa na uiache ikauke. Funga mfereji na kitoleo cha maji machafu mapema, kwani baadaye nafasi huwa finyu. Futa kaunta kwa spiriti, upake silikoni mfululizo bila kukatiza, kisha uteremshe sinki.

Kaza vibanio kwa zamu, kimoja upande huu na kingine upande wa pili, kidogo kidogo. Ukikaza kupita kiasi, chuma hupinda. Usitumie sinki hiyo kwa saa 24.

Kuikagua

Mwaga maji ukingoni kwanza na upapase chini kwa karatasi kavu. Kisha jaza sinki na uyaachilie maji. Karatasi ikilowa mara ya kwanza, kasoro iko ukingoni. Ikilowa mara ya pili tu, chunguza kitoleo na bomba lake.

Kwa sinki kuukuu iliyolegea, kwangua silikoni yote ya zamani, kwani mpya haishiki vyema juu yake. Bafuni, chagua silikoni yenye dawa ya kuzuia kuvu.