Kwa nini kata ya Okinawa haifanani na ya Japani?

Mwanafunzi aliyefunzwa karate ya Shotokan kwa miaka mitano anahamia mji mwingine, na dojo anayoikuta karibu ni ya Shorin-ryu. Anaombwa aonyeshe kata anayoijua vizuri. Anachagua Heian Nidan. Akimaliza anaambiwa kwamba pale kata hiyo huitwa Pinan Shodan, kwamba msimamo wake ni mrefu kupita kiasi, na kwamba lile teke la ubavuni halimo. Anarudi nyumbani akijiuliza: nani aliyenifundisha makosa, wale au hawa?

Jibu fupi ni kwamba hakuna. Jibu refu linaturudisha katika visiwa vya Ryukyu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na tutajaribu kulieleza hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kata tunayoizungumzia si ile ya diwani wala ile ya kuchotea maji mtungini. Ni neno la Kijapani lenye maana ya umbo au kielelezo. Katika karate ni mpangilio maalumu wa hatua, kinga, ngumi na mateke ambao mtu huufanya peke yake, kana kwamba anapambana na wapinzani wasioonekana. Zamani, kabla vitabu vya karate havijaanza kuchapishwa, kata ndiyo iliyokuwa kitabu chenyewe. Mwalimu aliweka ndani yake kila alichojua, na mwanafunzi alibeba mwilini alichopewa.

Ufalme uliogeuzwa mkoa

Okinawa leo ni mkoa wa Japani, lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, ulioishi kwa biashara ya baharini na China, Japani na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Mwaka 1609 ufalme huo ulivamiwa na jeshi la Satsuma kutoka kusini mwa Japani. Mwaka 1879 serikali ya Meiji iliufuta kabisa na kuufanya mkoa.

Sanaa ya mapigano iliyokulia huko ilichanganya mbinu za wenyeji na zile zilizotoka China, hasa jimbo la Fujian. Ndiyo maana iliitwa pia mkono wa China. Iliota mizizi katika miji mitatu iliyo jirani, Shuri, Naha na Tomari, na ilifundishwa kwa siri au kwa kikundi kidogo, mara nyingi uani kwa mwalimu. Kata zilikuwa chache na zilichukua muda. Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Shuri mwaka 1868, alieleza baadaye kwamba kujifunza kata tatu tu za Naihanchi kulimchukua miaka kumi.

Mabadiliko makubwa ya kwanza hayakutoka Tokyo. Yalitoka Okinawa kwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu Anko Itosu aliingiza karate katika shule za mkoa huo, na kwa ajili ya wanafunzi akatengeneza kata tano za Pinan, fupi na nyepesi kuliko zile za kale. Mwaka 1908 aliandika waraka wenye nasaha kumi akieleza faida za karate kwa vijana. Watoto wengi kwa pamoja, wamepanga mistari, wanasonga kwa kuhesabiwa: picha hiyo tunayoihusisha na Japani ilianza kwa Itosu. Hapo ndipo madai ya kwamba Okinawa ina kilicho halisi na Japani ina bandia huanza kupwaya.

Funakoshi anavuka bahari

Mwaka 1922 Funakoshi alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akabaki huko. Wanafunzi wake wengi wakawa vijana wa vyuo vikuu. Klabu ya Chuo Kikuu cha Keio iliundwa mwaka 1924. Hawa hawakuwa watu wa kukaa na mwalimu mmoja miaka kumi. Walikuwa na miaka michache ya masomo, nguvu nyingi, na kiu ya kushindana kama wenzao wa judo na kendo.

Funakoshi alibadilisha majina. Pinan ikawa Heian, Naihanchi ikawa Tekki, Kusanku ikawa Kanku, Seisan ikawa Hangetsu, Chinto ikawa Gankaku na Wanshu ikawa Enpi. Maelezo yake yalikuwa kwamba majina ya zamani hayakueleweka. Ni kweli, Mjapani wa Tokyo asingeambulia kitu katika neno Chinto. Lakini hiyo pia ilikuwa miaka ambayo Japani na China zilikuwa zikielekea vitani, na jina lenye harufu ya China halikuwa jambo la kujivunia. Herufi ya "China" katika neno karate nayo ilibadilishwa ikawa ya "tupu", na maana ikawa mkono mtupu. Mwaka 1936 walimu wa Okinawa walikutana Naha na wao wakakubali herufi hiyo mpya.

Pamoja na majina, mpangilio ulibadilika. Funakoshi aliona kwamba Pinan ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, akazibadilishana nafasi. Kwa hiyo Heian Shodan ya Shotokan ndiyo Pinan Nidan ya Okinawa, na Heian Nidan ndiyo Pinan Shodan. Wanaohama mtindo hukwama hapa mapema kabisa.

Tofauti inaonekana wapi?

Tuitazame kata hiyohiyo ya mwanafunzi wetu. Katika Shorin-ryu ya Okinawa, kinga ya mwanzo hufanywa kwa msimamo wa paka: mguu wa nyuma umebeba karibu uzito wote, wa mbele umegusa chini kwa ncha tu, na miguu iko karibu. Katika Shotokan miguu imeachana sana, mwili umeshuka, uzito umelala nyuma. Baada ya kugeuka, Okinawa hupiga teke la mbele. Shotokan hupiga teke la ubavuni. Misimamo mirefu na mateke ya namna hii mara nyingi huhusishwa na Yoshitaka, mwana wa Funakoshi, aliyefariki mwaka 1945.

Naihanchi nayo ni hivyohivyo. Okinawa huifanya kwa msimamo wa kimo cha wastani na miguu isiyoachana sana, na katika dojo nyingi vidole vya miguu huelekezwa ndani kidogo. Tekki ya Shotokan hukaa chini kama mtu aliyepanda farasi mpana. Anayetazama kutoka nje anaweza kudhani Tekki ndiyo ngumu na Naihanchi ni ya mvivu. Ajaribu Naihanchi kwa dakika tano huku mwalimu akimsukuma kiunoni.

Walimu wa Okinawa wana maneno yao ya lugha ya nyumbani kwa mambo haya. Chinkuchi ni kukaza misuli na viungo kwa ghafla na kwa pamoja pigo linapofika. Muchimi ni mnato, mkono unaomganda mpinzani badala ya kumgonga na kuachana naye. Gamaku ni matumizi ya sehemu ya kiuno juu ya nyonga. Yote yanahusu mapambano ya karibu sana, ya umbali wa kushikana nguo. Shotokan imejengwa kwa umbali mkubwa zaidi: nyonga inazungushwa waziwazi, hatua inameza nafasi, pigo linamalizwa kwa kusimama tuli.

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yetu, haiko ndani ya kata. Iko pembeni yake. Katika dojo nyingi za Okinawa kata haitenganishwi na mazoezi yanayoizunguka: kupiga ubao wa makiwara, kunyanyua mawe yenye mpini, kubeba mitungi kwa vidole, kugonganisha mikono na mwenzako hadi izoee maumivu. Kata ya Sanchin hufanywa huku mwalimu akipiga mabega na mapaja ya mwanafunzi kupima kama ameshika pumzi na msimamo sawasawa. Halafu hufuata mazoezi ya wawili, kila mkunjo wa mkono ukiulizwa kazi yake. Katika vyuo vya Japani mazoezi yaligawanyika mafungu matatu: mbinu za msingi, kata, na mapigano. Mapigano yalipopata kanuni zake, kata ikabaki kutazamwa zaidi kwa umbo.

Lakini mpaka kati ya pande hizi mbili si ukuta. Sanchin ya Goju-ryu hufanywa kwa ngumi zilizofungwa, ile ya Uechi-ryu kwa mikono wazi, na mitindo yote miwili ni ya Okinawa. Uechi-ryu ilianza na kata tatu tu, ilhali Shito-ryu ina kadhaa wa kadhaa, na mwanzilishi wake, Kenwa Mabuni, alikuwa mtu wa Okinawa aliyefundisha Osaka. Wado-ryu ilianzishwa na Mjapani, Hironori Otsuka, lakini imebaki na jina la Pinan.

Kata mbele ya waamuzi

Mwaka 1957 Chama cha Karate cha Japani kilifanya mashindano yake ya kwanza ya taifa. Tangu kata ilipoanza kupewa alama, jicho la mwamuzi likawa mwalimu wa ziada. Mnato wa mkono hauonekani kutoka kwenye kiti. Msimamo wa chini, teke la juu na kusimama tuli huonekana hadi mstari wa mwisho wa watazamaji.

Ndiyo maana fainali za Olimpiki ya Tokyo, zilizofanyika Agosti 2021, zilivutia sana wafuatiliaji. Kwa wanawake, Sandra Sánchez wa Hispania alishinda kwa Chatanyara Kushanku, kata inayobeba jina la kijiji cha Okinawa. Kwa wanaume alishinda Ryo Kiyuna kwa Ohan Dai, kata ya Ryuei-ryu, akawa mtu wa kwanza kutoka Okinawa kupata dhahabu ya Olimpiki. Alisimama chini ya bendera ya Japani. Kata za Okinawa zilitawala siku hizo mbili, ila zilifanywa kwa misimamo ya chini na mikato mikali ambayo mashindano yameizoesha dunia. Mzee wa Naha angelitambua jina na hatua. Mwendo pengine ungemshangaza.

Okinawa wanalijua hilo. Vita vya mwaka 1945 viliangamiza, kwa makadirio, takriban robo ya wakazi wa kisiwa, wakiwamo walimu na wanafunzi wa karate, na kilichobaki kikawa cha kutunzwa. Mwaka 2005 baraza la mkoa lilitangaza tarehe 25 Oktoba, siku ya ule mkutano wa 1936, kuwa Siku ya Karate. Mwaka 2017 ukafunguliwa ukumbi mkubwa wa karate huko Tomigusuku, wenye makumbusho na mahali pa mazoezi kwa wageni wanaotaka kurudi kwenye asili.

Katika miji yetu, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo, Shotokan na Goju-ryu zote zina vilabu, na kuhama si jambo la ajabu. Kwa anayehama, ushauri wetu ni mmoja: jifunze kata ya dojo mpya kama kata mpya kabisa, hata kama unadhani unaijua. Anayejaribu kurekebisha ile ya zamani kipande kwa kipande hubaki na teke la Tokyo juu ya mguu wa Shuri, na siku ya mtihani wa mkanda hakuna upande utakaompa alama.