Shahidi wa Pili Baharini

Ukipanda chombo cha tanga cha kisasa, iwe yati iliyofungwa gatini Southampton au katamarani ya kukodi Shelisheli, utakuta skrini karibu na usukani. Ndani yake mna ramani ya bahari, na juu ya ramani mna alama ndogo inayosogea kadiri chombo chenyewe kinavyosogea. Hiyo ndiyo chatiplota. Hupokea ishara za setilaiti za GPS na, bila kuulizwa, humwambia nahodha mahali alipo, anakokwenda na kasi yake. Vitufe vyake hujifunzwa kwa mchana mmoja. Ubaharia wa kuitumia hauji upesi hivyo, na sababu yake huonekana vizuri tukiiweka kando ya mapokeo mawili yaliyoitangulia: elimu ya bahari ya Waarabu na Waswahili katika Bahari ya Hindi, na elimu ya mabaharia wa Visiwa vya Caroline katika Pasifiki.

Hoja yangu ni hii. Mapokeo hayo mawili yalimlea mwanafunzi asitosheke na ushahidi mmoja. Malezi hayo hayamo ndani ya chatiplota. Anayeinunua hupewa jibu kamili, lakini hapewi mazoea ya kulihoji. Basi mwalimu wa leo ana jukumu la kuyaleta mazoea hayo kutoka kwa wale waliosafiri bila skrini.

Tuanze na wanalolishiriki wote watatu: kila mmoja huiuliza mbingu. Baharia wa Bahari ya Hindi alishika kibao cha kamal, kipande cha ubao chenye uzi uliopigwa mafundo. Alibana fundo kwa meno, akaweka ukingo wa chini wa ubao kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota. Fundo alilolibana lilimpa kimo cha nyota hiyo, naye alikihesabu kwa vidole. Mara nyingi nyota yenyewe ilikuwa Jaa, yaani Nyota ya Kaskazini. Akifika kwenye kimo cha bandari aitakayo, aligeuza omo akaifuata latitudo hiyo mpaka nchi ionekane. Baharia wa Caroline hakupima kimo kwa chombo. Alijua kila nyota huchomoza wapi na hutua wapi, na upeo wake wa bahari uligawanywa kwa nyota hizo katika sehemu 32, sawa na hesabu ya pande za dira ya Waarabu, ambazo nazo ziliitwa kwa majina ya nyota. Chatiplota nayo husikiliza setilaiti zisizopungua nne, zilizo kiasi cha kilomita 20,000 juu ya dunia, na kutokana na muda ambao ishara zao hutumia njiani hukokotoa mahali chombo kilipo. Kwa hiyo tofauti kubwa ya mapokeo haya haiko angani. Iko katika swali la nani anayefanya hesabu, na nani anayeikagua.

Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mji ulio katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, aliandika kitabu chake kikuu cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490. Aliandika pia mashairi marefu ya kuongoza vyombo, likiwemo la njia ya pwani ya Afrika Mashariki mpaka Sofala. Ushairi ulikuwa na kazi. Beti hukaa kichwani, na nahodha aliyezihifadhi hahitaji taa wala karatasi usiku wa dhoruba. Lakini Ibn Majid hakuridhika na hifadhi peke yake. Aliwataja mabingwa watatu waliomtangulia, akajihesabu kuwa wa nne, kisha akawalaumu kwamba walikusanya maneno ambayo hawakuyajaribu wenyewe baharini. Kwake yeye, elimu isiyopitia tajiriba ilikuwa nusu elimu.

Ndiyo maana orodha yake ya mambo ambayo rubani hana budi kuyajua ni ndefu. Humo mna nyota na vituo vya mwezi, masafa na pande za dira, majira ya pepo, na pia dalili za nchi: rangi ya maji, tope, nyasi zinazoelea, ndege, samaki. Nyoka wa baharini walimjulisha baharia kwamba pwani ya India iko karibu. Kimo cha nyota kikisema umefika na maji yakikataa, hapo ndipo kazi ya rubani ilipoanza. Alitupa bildi, akahesabu pima, akatazama kilichonata kwenye risasi, akaamua. Manahodha wa pwani yetu wa zama za majahazi ya kaskazi na kusi waliishi kwa kanuni hiyohiyo. Dira ilikuwepo, lakini rangi ya maji juu ya kipwa, milima iliyojulikana kwa umbo lake na nguvu ya mkondo wa mlangoni vilikuwa na haki ya kuipinga.

Kule Satawal, kisiwa kidogo sana katika Caroline, Mau Piailug, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kufundishwa na babu yake akiwa mtoto mdogo. Katika visiwa hivyo mafunzo yalianza nchi kavu. Mawe yalipangwa duara juu ya mkeka, kila moja likasimama mahali pa nyota, na mwanafunzi akataja ni nyota ipi inayomfikisha kisiwa kipi, na ipi inayomrudisha. Baharini aliongezewa somo la mwili: kuyatambua mawimbi marefu yanayotoka mbali kwa namna yanavyokiinua na kukilaza chombo, hata mbingu ikifunikwa na mawingu. Jirani zao wa Visiwa vya Marshall walitengeneza ramani za vijiti zilizoonyesha jinsi mawimbi yanavyopinda kuzunguka visiwa. Ramani hizo zilisomwa pwani na kuachwa pwani. Aliyezihitaji safarini alikuwa bado hajazisoma.

Mwaka 1976 Mau aliongoza mtumbwi Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti, mwendo wa kilomita zipatazo 4,000, bila dira, ramani wala chombo chochote cha kupimia, katika njia ambayo hakuwahi kuipita. Walitoka Maui tarehe 1 Mei, na tarehe 4 Juni wakaingia Papeete. Nchi ya kwanza kuonekana haikuwa Tahiti. Ilikuwa Mataiva, kisiwa cha matumbawe katika Tuamotu, ambavyo ni visiwa vilivyotandaa kaskazini mwa Tahiti. Jambo hilo lina uzito. Anayejua kwamba hesabu yake inaweza kukosea halengi nukta. Hulenga ukanda mpana wa visiwa, huwatazama ndege wanaorudi viotani jioni, kisha kutoka kisiwa cha kwanza anachokitambua husahihisha safari yake. Ndani ya elimu yenyewe mmejengwa nafasi ya kosa.

Hapa kuna mfanano ambao haukutarajiwa. Mabaharia wa Caroline huhesabu safari kwa njia waiitayo etak. Huchagua kisiwa kilicho kando ya njia, ambacho mara nyingi hakionekani, kisha huuwazia mtumbwi kuwa umetulia na kisiwa hicho kinarudi nyuma, kikipita chini ya nyota moja baada ya nyingine kwenye upeo. Kikitoka chini ya nyota moja na kuingia chini ya nyingine, sehemu moja ya safari imekwisha. Watafiti waliozoea ramani ya karatasi, ambayo nchi zake hutulia na chombo ndicho kinachotembea, walihitaji muda kuielewa picha hii. Mwanafunzi wa chatiplota huiona siku ya kwanza: akiiweka skrini katika mpangilio wake wa kawaida, chombo hukaa katikati na visiwa huteleza kuelekea tezi.

Picha ni moja, lakini mwenye kuisogeza si mmoja. Katika etak, kisiwa hurudi nyuma kwa sababu baharia amekirudisha, kwa kupima kasi, saa zilizopita na msukumo wa mkondo. Akisinzia, kisiwa husimama. Katika skrini, kisiwa huendelea kuteleza nahodha akiwa macho au akiwa amelala. Huo ndio ukarimu mkubwa wa chatiplota, na ndiyo hatari yake.

Ukarimu huo si wa kubezwa. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilipotosha kwa makusudi ishara za GPS zilizotolewa kwa raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Upotoshaji ulipoondolewa, mtu wa kawaida alipata kujua alipo kwa tofauti ya mita chache, usiku, ukunguni, na katikati ya mvua. Mtu akianguka majini, kitufe kimoja huhifadhi mahali alipoanguka papo hapo. Ibn Majid, aliyedai kila jambo lijaribiwe, nadhani angekipokea kifaa hiki kwa furaha, kisha angeanza kukijaribu.

Jaribio la kwanza lingehusu mstari. Mwanafunzi hugusa skrini akaweka alama pale alipo na alama pale aendako, na kifaa humchorea njia iliyonyooka. Njia hiyo humfaa mwenye injini. Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Hulazimika kubisha, kikienda mshazari huku na huku. Tena, omo ikielekea kusini haina maana kwamba chombo kinakwenda kusini. Mkondo hukisukuma na upepo hukisogeza demani. Skrini nyingi huonyesha mistari miwili, mmoja wa uelekeo wa omo na mmoja wa mwendo halisi juu ya ardhi, na pembe iliyo kati yao ni habari ya mkondo na upepo kwa pamoja. Asiyefundishwa huiona kuwa kasoro ya kifaa. Aliyefundishwa huisoma kama nahodha wa zamani alivyousoma mlango wa bahari.

Jaribio la pili lingehusu ramani yenyewe, na hapa bahari yetu imeshatoa somo. Usiku wa tarehe 29 Novemba 2014, yati ya mashindano Team Vestas Wind ilipanda mwamba wa Cargados Carajos, zaidi ya kilomita 400 kaskazini-mashariki mwa Mauritius, ikienda maili za baharini zipatazo 19 kwa saa. Mabaharia wote tisa waliokolewa. GPS yao haikukosea, walijua walipo. Ila ramani ya kielektroniki, ikitazamwa kwa ukubwa mdogo, haikuonyesha mwamba unaotokeza juu ya maji. Waliamini wangepita juu ya kina cha mita 40. Hatari ilionekana tu pale ramani ilipokuzwa vya kutosha. Ripoti huru iliyotolewa mwaka 2015 ilitaja mapungufu ya pande mbili: namna ramani zilivyotumiwa, na namna ramani zenyewe zilivyoonyesha hatari.

Linganisha na mwanafunzi wa Satawal au wa Julfar. Kwake miamba ilikuwa sehemu ya njia aliyoikariri. Asingeweza kuitaja njia akaiacha miamba nje. Ramani ya kielektroniki huyapunguza maandishi ili skrini isisongamane, na katika kupunguza huko huweza kuficha kile kinachoua. Kuna na mengine. Sehemu nyingi za bahari zilipimwa karne ya 19 kwa bildi na pembe za milima, kwa hiyo alama ya GPS yaweza kuwa sahihi huku mwamba ukiwa umechorwa mamia ya mita kando. Na kina kilichoandikwa ni cha maji yaliyopwa kabisa. Zanzibar, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, asiyeijua hesabu ya kupwa na kujaa hajui kina chochote.

Je, chatiplota ifundishweje basi? Kwanza, njia ijulikane kabla ya nanga kung'olewa. Mwanafunzi akae mezani, aikuze ramani na kuipitia njia yote kipande kwa kipande, aitaje miamba, mafungu na mahali pa kukimbilia, mpaka aweze kuieleza skrini ikiwa imezimwa. Hayo ndiyo mawe juu ya mkeka. Pili, kila jibu la skrini litafutiwe shahidi: kipima kina, dira ya mkononi, au mnara na kilele vilivyolingana katika mstari mmoja, kama wavuvi wa pwani yetu wanavyolinganisha alama mbili za nchi kavu kulikumbuka fungu lenye samaki. Marekani yenyewe, mwenye GPS, ilirudisha somo la nyota katika chuo chake cha maofisa wa jeshi la majini mwaka 2015, kwa kuhofia mifumo ya kielektroniki kushambuliwa.

Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, mpangilio wa mashahidi ugeuzwe. Pasipokuwa na hatari, mwanafunzi asiitazame skrini kwanza. Apime mwenyewe kwa saa, kasi, dira na mkondo, aweke kidole pale anapodhani yupo, ndipo aifungue skrini alinganishe. Mwanafunzi wa Mau alingoja siku nyingi mpaka kisiwa kitokeze ndipo ajue kama alihesabu vyema. Mwanafunzi wa leo anaweza kusahihishwa kila nusu saa. Hakuna mwalimu wa zamani aliyekuwa na uwezo huo, na nahodha atakayelelewa hivyo ataweza kuendelea na safari siku ishara za setilaiti zitakapokatika.